Mimea Inayoshusha Kolesteroli, na Kiasi Inachoshusha

Anayetaka kushusha kolesteroli kwa msaada wa mimea inafaa alifahamu ini kabla hajaingia jikoni. Kolesteroli nyingi iliyomo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo lenye sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ile tunayoila kwenye mayai, nyama na maziwa ni sehemu ndogo. Wala si sumu. Kila seli inaihitaji kwa ajili ya utando wake, mwili huitumia kutengeneza homoni za uzazi, kotisoli na vitamini D, na ini hugeuza sehemu yake kuwa asidi za nyongo zinazosaidia usagaji wa mafuta. Shida huanza pale chembechembe za LDL, ambazo huibeba kolesteroli ndani ya damu, zinapokuwa nyingi mno kwa miaka mingi, zikapenya kwenye kuta za ateri na kubaki humo. Wakati hayo yanatokea mtu haumwi kitu chochote: hana homa, hana uchovu wa pekee, wala hapungukiwi na hamu ya kula. Kinachomwambia ni karatasi ya maabara peke yake, na wengi huipata karatasi hiyo baada ya moyo au ubongo kushambuliwa.

Ninaandika nikiwa mmoja wa wanaoishi na tatizo hili. Nakunywa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kila usiku, nakula jamii ya kunde karibu kila siku, na sioni ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Kilichonisukuma kuandika ni ujumbe ninaotumiwa na ndugu na marafiki: picha ya chupa yenye majani yaliyosagwa, mchanganyiko wa limau, tangawizi na kitunguu saumu, au vidonge vya asili vinavyoahidi kusafisha mishipa kwa wiki chache. Wananitumia kwa upendo, na upendo huo unastahili kujibiwa kwa uzito wake. Jibu langu ni kwamba mimea inashusha kolesteroli kweli, ila kwa njia zinazojulikana, kwa kiasi kinachopimika, na mara nyingi zaidi ikiwa kwenye sahani kuliko ikiwa kwenye chupa.

Njia ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo inayovutia kuliko zote, inapitia kwenye nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli na kuzimimina kwenye utumbo mwembamba wakati wa mlo. Zikishamaliza kazi, sehemu ya mwisho ya utumbo huo huzifyonza tena, kiasi cha asilimia 95 hivi, na kuzirudisha kwenye ini ili zitumike upya. Mzunguko huo hurudiwa mara kadhaa kwa siku. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zile zinazogeuka kuwa ute mzito zikikutana na maji, huzinasa baadhi ya asidi hizo na kutoka nazo kwenye choo. Akiba ikipungua, ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni ileile kolesteroli. Kwa hiyo huongeza vipokezi vya LDL kwenye uso wa seli zake na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Ni ugunduzi kuhusu vipokezi hivyo uliowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1985. Statini nayo, kwa kuzuia ini lisitengeneze kolesteroli yake, huishia kwenye mlango huohuo: ini linaongeza vipokezi na damu inapungukiwa na LDL.

Anayetaka kuuona ute huo kwa macho achukue kijiko cha isabgol, yaani maganda ya mbegu za mmea wa sailiamu, akikoroge kwenye glasi ya maji na kuiacha mezani. Mwanzoni maganda huelea, membamba na mepesi, na maji yanapita katikati yake bila shida. Dakika chache baadaye kila ganda limevimba, maji yamekuwa mazito, na ukiinamisha glasi kilichomo husogea kwa pamoja kikiwa donge moja linaloteleza. Ute wa bamia na uzito wa uji wa oti uliopoa ni jambo lilelile. Ndiyo maana maganda ya sailiamu hunywewa mara tu yakishakorogwa, kwa maji ya kutosha, kwa sababu yakivimbia kooni yanaweza kumkaba mtu; na ndiyo maana anayetumia dawa nyingine hushauriwa kuacha nafasi ya saa kadhaa kati ya dawa hizo na maganda, zisije zikanaswa nazo.

Kiasi kinachotakiwa kinajulikana. Kwenye oti na shayiri, nyuzinyuzi inayofanya kazi huitwa beta-glukani, na gramu 3 zake kwa siku hushusha LDL kwa takriban asilimia 5, pengine zaidi kidogo kwa mwenye LDL iliyo juu sana. Gramu 3 hizo hupatikana kwenye gramu 75 hivi za oti kavu, ambazo zikipikwa ni bakuli lililojaa vizuri. Vijiko viwili vilivyonyunyizwa juu ya mtindi havitoshi, na biskuti iliyoandikwa oti kwenye pakiti haitoshi pia. Marekani iliruhusu watengenezaji wa vyakula vya oti kutaja faida hiyo kwenye vifungashio mwaka 1997, ikafuata sailiamu mwaka 1998. Kwa upande wa jamii ya kunde, uchambuzi wa majaribio 26 uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba gramu 130 hivi kwa siku za maharage, dengu, mbaazi na mengine ya jamii hiyo zilishusha LDL kwa asilimia 5. Mtu ambaye tumbo lake halijazoea aongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na anywe maji. Gesi ya siku za mwanzo imewakatisha wengi tamaa bila sababu, kwani kwa kawaida hupungua.

Njia ya pili ni ya ushindani. Mimea haina kolesteroli ya kutajika, lakini utando wa seli zake una jamaa zake wa karibu, steroli za mimea, ambazo zinafanana nayo kiasi kwamba utumboni hugombania nafasi moja katika vitone vya mafuta na nyongo ambamo kolesteroli husafiri kuelekea kwenye ukuta wa utumbo. Steroli zikiwa nyingi, kolesteroli hukosa usafiri na hupita zake. Gramu 2 kwa siku hushusha LDL kwa asilimia 8 hadi 10. Tatizo ni kwamba mlo wa kawaida, hata ukiwa na mboga, nafaka, mbegu na mafuta ya mimea, huwa na miligramu mia chache tu, na ndiyo sababu viwanda viliziongeza kwenye vyakula. Ufini ilitangulia mwaka 1995 kwa siagi ya mimea. Mimi sizitumii, kwa kuwa nyuzinyuzi na dawa zinanitosha, na kwa kuwa hakuna jaribio lililoonyesha moja kwa moja kwamba kula steroli hizo kunapunguza mishtuko ya moyo, ingawa LDL hushuka bila shaka. Wapo pia watu wachache sana wenye ugonjwa wa kurithi unaoruhusu steroli za mimea kujazana kwenye damu yao, na kwao chakula hicho ni hatari.

Kuhusu mafuta nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa ndipo neno mimea linapotumiwa kuwapotosha watu. Kifungashio kikisema mafuta haya hayana kolesteroli, kinasema kweli, na ukweli huo hauna maana yoyote, kwa sababu hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kutajika. La kuuliza ni yana mafuta mazito kiasi gani, yale yanayoganda yenyewe penye ubaridi, kwani hayo hupunguza kazi ya vipokezi vya LDL kwenye ini. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta mazito, kiwango kinachozidi hata cha siagi, na yakilinganishwa na mafuta ya alizeti, soya au zeituni hupandisha LDL. Yale ya mawese yako katikati. Mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni nusunusu ndiyo mabaya kuliko yote, maana hupandisha LDL na kushusha HDL, chembechembe zinazoirudisha kolesteroli kwenye ini, kwa wakati mmoja, na nchi nyingi zimeyapiga marufuku. Hata kahawa imo: ikichemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi huwa na kafestoli, kemikali ya mafuta inayopandisha kolesteroli waziwazi, ilhali chujio la karatasi huizuia karibu yote. Kwa hiyo kitu kutoka kwenye mmea hakimaanishi kwamba kitashusha.

Lozi, karanga, korosho na jamii yake nzima ziko upande mzuri. Mwaka 2010 watafiti walikusanya takwimu za majaribio 25 na kukuta kwamba wastani wa gramu 67 kwa siku ulishusha LDL kwa asilimia 7.4. Ni gao kubwa, kama konzi mbili, nalo lina nishati nyingi, kwa hiyo faida yake huonekana pale zinapochukua nafasi ya kitu kingine, tuseme nyama yenye mafuta au keki, badala ya kuongezwa juu ya mlo uleule. Soya hushusha kidogo, asilimia 3 au 4 kwa gramu 25 za protini yake, lakini nayo huondoa nyama kwenye sahani na kwa njia hiyo husaidia mara mbili.

Ukitazama asilimia hizi moja moja unaweza kuvunjika moyo. David Jenkins wa Chuo Kikuu cha Toronto alijiuliza ingekuwaje kama zote zingewekwa kwenye mlo mmoja, na kutokana na swali hilo ukazaliwa mpango wa chakula uitwao Portfolio: steroli za mimea, nyuzinyuzi zenye ute kutoka kwenye oti, shayiri, sailiamu, bamia na biringanya, protini ya soya, na lozi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, watu 46 wenye kolesteroli ya juu waligawanywa makundi matatu kwa mwezi mmoja. Waliokula mlo wa kawaida wenye mafuta mazito machache walishuka LDL kwa asilimia 8.0, waliokula mlo huohuo na kuongezewa lovastatini, aina mojawapo ya statini, ya miligramu 20 walishuka kwa asilimia 30.9, waliokula Portfolio walishuka kwa asilimia 28.6. Chakula kilikaribiana na dawa. Nimewahi kukutana na matokeo hayo yakinukuliwa mara nyingi, na karibu kila mara yananukuliwa bila ndugu yake wa mwaka 2011, ambapo Wakanada 351 walipewa ushauri tu, wakanunua na kupika wenyewe kwa miezi 6. Hao walishuka kwa asilimia 13 hadi 14. Wale wa mwanzo walipewa chakula chao kikiwa tayari kimepimwa. Hawa walikuwa na kazi, safari, wageni na watoto wasiopenda biringanya. Mimi naiheshimu zaidi hiyo asilimia 13, kwa sababu ndiyo inayoweza kukaa na mtu miaka 20.

Sasa zile chupa. Kitunguu saumu ndicho kilichochunguzwa kuliko vingine. Mwaka 2007 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la watu wazima 192 ambao kwa miezi 6, siku 6 kwa wiki, walikula kitunguu saumu kibichi kiasi cha punje moja, au vidonge vya aina mbili vya kitunguu saumu, au vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa yoyote. LDL haikusogea kwa maana yoyote katika kundi lolote. Gugul, utomvu wa mti uliotumika katika tiba ya jadi ya India kwa karne nyingi, ulipojaribiwa Marekani na matokeo yake kutolewa mwaka 2003, uliipandisha LDL kidogo. Polikosanoli, inayotolewa kwenye nta ya miwa, ilisifiwa sana na tafiti za mwanzo kutoka Kuba, lakini jaribio la Ujerumani la mwaka 2006 halikuona tofauti kati yake na kidonge kitupu. Mwaka 2022 yakatangazwa matokeo ya jaribio lililolinganisha rosuvastatini ya miligramu 5 na bidhaa sita za dukani kwa siku 28: mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, steroli za mimea na mchele uliochachushwa kwa hamira nyekundu. Statini ilishusha LDL kwa asilimia 37.9; kati ya zile sita hakuna iliyopita kidonge kitupu kwa kiasi cha kuaminika. Ni haki kusema kwamba jaribio hilo lilifadhiliwa na kampuni inayotengeneza rosuvastatini, kwamba siku 28 si nyingi, na kwamba steroli zilikuwa ndani ya vidonge, ilhali majaribio mengi yaliyozipa sifa yalizichanganya kwenye chakula chenye mafuta na kuliwa pamoja na mlo. Hata hivyo ningependa kila anayeuza vidonge vya manjano kwa ajili ya kolesteroli ayasome. Viungo hivyo vyote nitaendelea kupikia, kwa sababu ni vitamu na hupunguza haja ya chumvi.

Ule mchele mwekundu unahitaji maneno yake. Umeoteshwa kuvu inayotoa monakolini K, nayo ni kemikali ileile iitwayo lovastatini dukani. Historia yake ni nzuri: Akira Endo wa Japani alichunguza maelfu ya kuvu hadi mwaka 1973 akapata kemikali ya kwanza ya aina ya statini, na lovastatini ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kwa hiyo anayekunywa vidonge vya mchele huo kwa kuogopa statini anakunywa statini, tofauti ikiwa kwamba hajui kipimo chake. Vidonge vingine vina nyingi, vingine havina kitu, na vingine vimekutwa na sitrinini, sumu ya kuvu inayodhuru figo. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2022 kwamba bidhaa hizo ziwe na chini ya miligramu 3 za monakolini kwa matumizi ya siku. Maumivu ya misuli yanayowapata baadhi ya watumiaji wa statini huwapata na hawa, na akiunganisha vyote viwili mtu anajizidishia dawa. Beriberini nayo, inayotoka kwenye magome na mizizi ya mimea kadhaa, hushusha LDL kidogo kweli, lakini haifai kwa mjamzito, anayenyonyesha wala mtoto mchanga, kwa kuwa inaweza kuzidisha ugonjwa wa manjano wa watoto wachanga hadi kuudhuru ubongo.

Kuna mimea isiyogusa kolesteroli lakini inagusa dawa yake. Balungi hukizuia kimeng'enya cha utumboni kinachovunja simvastatini, lovastatini na kwa kiasi fulani atorvastatini, hivyo dawa hujaa kwenye damu kupita kipimo. Pravastatini na rosuvastatini hazina shida hiyo. Mmea wa Mtakatifu Yohana, unaotumika kutuliza huzuni, hufanya kinyume, ukaipunguza simvastatini hadi isifanye kazi yake ipasavyo. Kwa hiyo mtajie daktari au mfamasia kila jani na kila unga unaotumia, hata kama hajauliza.

Jinsi ya kujua kama chakula kinafanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: pima kabla, badilisha mlo, pima tena baada ya wiki 6 hadi 12, ikiwezekana kwenye maabara ileile. Tofauti ndogo ya asilimia chache hutokea yenyewe kati ya kipimo na kipimo, kwa hiyo usishangilie wala kuhuzunika kwa nukta. Angalia pia kizio, kwani maabara nyingine huandika milimoli kwa lita na nyingine miligramu kwa desilita. Milimoli 1 ni karibu miligramu 39. Namba hiyo ni ya kukumbukwa, maana majaribio makubwa ya statini yameonyesha kwamba kila milimoli 1 ya LDL inayoshuka hupunguza mishtuko ya moyo, viharusi na matatizo makubwa ya mishipa kwa takriban moja ya tano. Mwenye LDL ya 3.6 anayeshuka kwa asilimia 13 amepata karibu nusu ya milimoli kwa chakula peke yake. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi huhitaji zaidi ya hapo, na kwake mlo ni nyongeza ya dawa, si mbadala wake.

Lipo kundi ambalo nalifikiria kila ninaposikia mtu akisema kolesteroli ni matokeo ya ulafi. Karibu mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 huzaliwa na kasoro ya kurithi, mara nyingi kwenye vilevile vipokezi vya Brown na Goldstein, na ini lake haliwezi kuivuta LDL ipasavyo tangu siku ya kwanza. LDL ya mtu mzima ikifika milimoli 4.9, sawa na miligramu 190, inafaa kasoro hiyo itafutwe, hasa kama katika ukoo wapo waliopata mshtuko wa moyo kabla ya uzee. Wakati mwingine huonekana hata kwa vinundu vigumu kwenye kano la kisigino au juu ya vifundo vya vidole. Oti na maharage vitamsaidia mtu huyo kama vinavyomsaidia mwingine yeyote, lakini havitatosha, na dawa aianze mapema. Akishagundulika, wapimwe wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, wakiwemo wadogo wanaocheza na kukimbia bila dalili yoyote, kwa kuwa kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi kasoro hiyo.